Kobe wa Saa Saba

Siku yangu ya kwanza kwenye kiwanda cha mikebe, mzee mmoja wa toroli alinipa mikebe miwili mitupu ya rangi akaniambia niigonge kwa kidole. Niligonga. Nilisikia bati tu. Akacheka. "Gonga tena, mama. Mmoja unasema, mwingine unanong'ona." Ule unaonong'ona ndio ambao mshono wake haukushika, utavuja. Ilinichukua majuma mawili kuusikia huo mnong'ono, na hata leo sina hakika kama nausikia au namwamini tu yeye.

Ninayoandika ni juu ya mzee huyo na juma ambalo nusura afukuzwe kazi. Mimi shule niliiacha kidato cha pili, na kuna sehemu za habari hii, zile za mitambo, ambazo nimezielewa kwa kuelezwa na mwenye subira. Nikikosea, kosa ni langu, si la aliyenieleza. Kitu nilicho nacho ni daftari. Tangu nilipokuja Nairobi naandika kila jioni mistari michache: nani ameugua, nani amejifungua, mvua imeingia kwa nani. Si kitu cha kujivunia. Dada yangu husema naandika kama karani wa korti asiyelipwa.

Mzee ni mtu wa Magharibi, anaishi Makongeni na mke wake. Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yake ilikuwa moja: kusukuma toroli za mikebe kutoka kwenye mashine za kushona bati mpaka stoo. Toroli zile ni za chuma, ndefu kuliko mtu, zenye rafu za waya, na gurudumu moja kati ya manne siku zote linataka kwenda kwao. Yeye alizijua tabia. Alikuwa anaziongelesha. Kati ya mashine na stoo kulikuwa na njia ambayo sakafu yake iling'aa kwa sababu yake, na sisi tuliiita barabara ya mzee.

Halafu wakaja kobe.

Jina hilo tuliwapa sisi. Ni mashine bapa za kijivu, kama meza iliyokatwa miguu, zinazotembea zenyewe na kreti mgongoni. Hazina dereva wala waya. Zinaongozwa na mawimbi kutoka kwenye visanduku vyeupe vilivyofungwa kwenye nguzo, na kando ya njia yao kuna vituo vyenye kitufe chekundu. Ukiona hatari, unabonyeza, kobe wote wanasimama. Vitufe navyo havina waya. Nilishangaa, nikaona ni kama taa ya barabarani isiyo na mlingoti.

Kwa haki, hakuna aliyefukuzwa walipokuja. Mzee aliambiwa atakuwa anakusanya vipande vya bati chini ya mashine na kuvifunga. Ni kazi. Lakini kobe walipewa barabara yake, na toroli zake zikaegeshwa ukutani zimejaa mikebe ya saizi isiyo na wateja wengi. Saa saba, wakati wa chakula cha zamu yetu, sisi wengine tukienda zetu, yeye alikuwa anageuza ndoo, anakaa kando ya kituo cha tatu, anakula viazi vitamu na chai akiwatazama kobe wanavyopita.

"Nyinyi Wakamba mnachonga mbao mpaka mnyama anataka kukimbia," aliniambia siku moja, kwa kuwa anajua baba yangu alikuwa mchongaji. "Baba yako angetengeneza hivi vitu kwa wiki moja. Na vingekuwa na sura."

"Baba yangu angewawekea masikio, mzee."

"Ndiyo! Masikio. Hivi havisikii mtu."

Lazima niseme jambo lingine hapa, nisije nikalificha kwa kuchelewa kulisema. Katika juma la kwanza la kobe nilimwona mzee akibonyeza kitufe. Hapakuwa na hatari yoyote. Kobe mmoja alikuwa anakuja taratibu na kreti yake, mzee akasimama, akatazama huku na huku, akabonyeza. Kobe akasimama mbele yake. Mzee akamwinamia, akamwambia jambo ambalo sikulisikia, kisha akakaa. Fundi wa zamu alikuja, akakiachilia kitufe, kazi ikaendelea. Nilicheka peke yangu. Jioni niliandika: mzee amemsimamisha kobe.

Miezi miwili baadaye, kobe walianza kusimama wenyewe.

Ilikuwa saa saba, saa saba na dakika tano, saa saba na dakika kumi, karibu kila siku. Wanatembea vizuri, mara wote wanakwama pale walipo na kulia tii, tii, tii, na skrini ya ukutani inaonyesha kwamba amri ya kusimama imetoka kituo cha tatu. Zamu iliyokwisha kula saa sita na nusu inabaki na kreti zisizo na wa kuzibeba. Baada ya nusu saa wanaamka tena kama hakikutokea kitu.

Mimi ndiye niliyekuwa naandika kitabu cha kusimama kwa mitambo katika laini yetu. Saa, mahali, muda. Supavaisa alinichagua kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, na nilifurahi sana aliponichagua, sitaficha. Jumatatu ya juma lile aliniita mezani kwake na kitabu kikiwa wazi.

"Soma mwenyewe," akasema. "Saa saba, kituo cha tatu. Saa saba, kituo cha tatu. Nani anakaa kituo cha tatu saa saba?"

Nilitazama mwandiko wangu.

"Sijasema mimi. Umeandika wewe."

Supavaisa si mtu mbaya. Mwenzetu alipokatwa na bati, alimpeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe, damu ikabaki kwenye kiti, hakuwahi kulitaja. Alikuwa anabanwa na waliomzidi cheo, na alikuwa na kitabu chenye jibu moja. Ningekuwa yeye, sijui kama ningesoma jibu lingine. Alimwita mzee mbele ya laini nzima akamwambia anaharibu kazi kwa makusudi kwa sababu ya wivu wa mashine. Ijumaa aje ofisini na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Barua ya kufukuzwa ingekuwa tayari, na sababu ingeandikwa humo: kuhujumu mitambo.

Mzee alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu astaafu. Aliuliza swali moja. "Hiyo hujuma, ndiyo nitakayoenda nayo nyumbani?"

Jumanne aliletwa fundi wa mtandao, msichana wa Buruburu mwenye miwani na kompyuta ya kushika mkononi. Alizunguka kiwanda kizima akipima. Alasiri alikuja kukaa kwenye kreti karibu na mashine yangu kupumzisha miguu.

"Mathe," akaniita, yaani mama kwa Sheng yao, "hebu niambie ukweli. Ni huyu mzee?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Skrini inasema kituo cha tatu. Haisemi ni mkono."

Nikamwomba anieleze. Nadhani hakuna aliyekuwa amemwomba, kwa sababu aliweka kompyuta chini kabisa.

"Kile kitufe hakikai kimya kikingoja kubonyezwa. Muda wote kinaongea: niko, niko, niko. Mara nyingi kabla hujapepesa jicho. Kobe wanasikiliza. Wakizikosa hizo niko chache zikifuatana, hawaulizi. Wanasimama. Kwa sababu wanajiambia, pengine kitufe kimevunjika, na pengine kuna mtu amelala njiani. Skrini nayo inaandika tu jina la kituo."

"Na kama ile niko imekuja, lakini imechelewa?"

Alinitazama vizuri. "Ikichelewa ni kama haikuja. Nyumbani video ikikwama unangoja, unatukana kidogo, inaendelea. Hapa hakuna kungoja. Kobe akingoja, ameshamgonga mtu. Kwa hivyo ujumbe uwe mfupi, na ufike saa yake. Hiyo tu ndiyo kazi yangu, mathe. Si kusema mengi. Ni kufika saa yake."

"Nini kinauchelewesha?"

"Bati!" Akacheka. "Bati ndilo adui yangu, na nyinyi mmejaa bati hadi kwa roho. Mawimbi yakigonga bati yanarudi, yanazunguka, yanafika yamechoka, au hayafiki. Lakini nimepima. Asubuhi safi. Saa nane safi. Tulipofunga hivi visanduku ilikuwa Jumapili, kiwanda kitupu, safi kabisa."

"Na saa saba?"

"Saa saba supavaisa amenipeleka kula na wakubwa." Akainuka, akapangusa suruali. "Wamenipa kuku. Siwezi kukataa kuku."

Nilirudi nyumbani kwangu, upande wa Makadara, na neno bati kichwani. Binti yangu alikuwa anafanya hesabu mezani. Nilikaa kitandani na daftari langu, na karatasi niliyonakilia kitabu cha kazini, nikaviweka bega kwa bega.

Sasa lazima nieleze ushirika wetu. Wanawake wa laini yetu huwa tunakutana saa saba kwa maombi ya mchana, nusu saa, tukiongozwa na mwenzetu tunayemwita mama wa maombi. Viwanda vingi upande huu vina ushirika kama huo. Zamani kona yetu ilikuwa karibu na stoo, lakini kobe walipokuja, pale pakawekwa soketi za kuwachaji. Hatukuulizwa, na kwa haki hatukuwa tumewahi kuomba ruhusa ya kupatumia. Tukahamia kwenye nguzo katikati ya kiwanda. Mwanzoni tuliomba hivyo hivyo, hadharani, wanaume wakipita na sahani zao wakitutazama. Mtu akifunga macho anaona haya. Hata kulia hawezi. Ndipo mwezi huu mama mmoja akasema, zile toroli za mzee si zimekaa bure? Tukaanza kuzivuta tatu, zenye mikebe yake, tukazipanga kuizunguka nguzo kama ukuta. Tukimaliza tunazirudisha, kwa sababu sisi ni watu wa utaratibu.

Kwenye nguzo ile, juu kidogo ya kichwa cha mtu, kuna kisanduku cheupe chenye taa ndogo ya kijani, ndicho kilicho karibu zaidi na kituo cha tatu. Hakikuweza kufungwa juu zaidi kwa sababu winchi hupita hapo. Toroli ni ndefu kukizidi. Mimi mwenyewe nilikuwa natundika mkoba wangu kwenye msumari ulio chini yake.

Daftari langu lilisema Alhamisi ya juma lililopita: leo hakuna ushirika, mama wa maombi ameenda kliniki kwa ajili ya magoti. Kitabu cha kazini, Alhamisi hiyo, kilikuwa kitupu. Kobe hawakusimama. Kulikuwa na siku nyingine moja, gurudumu la toroli liligoma, tukaimba bila ukuta. Nayo tupu.

Nilijiambia, siku mbili si ushahidi. Nilijiambia, wewe ni nani wa kumweleza mhandisi. Binti yangu akaniuliza kwa nini nimeshika shavu, nikamwambia jino.

Ndipo ikaja Jumatano, ambayo ningependa kuiruka. Saa saba ilifika, wenzangu wakaanza kuvuta toroli, na ya tatu niliivuta mimi. Nilikuwa tayari najua, au nusu najua. Nilijiambia napima, nione kwa macho. Huo uongo ulikuwa na ukweli ndani yake, na ndio maana uliniingia. Lakini sababu nyingine ni kwamba nyuma ya ukuta ule ndiko nilikolia kwa sauti habari za msiba wa mama yangu ziliponifikia, wenzangu wakanishika mabega mpaka machozi yakaisha. Sikutaka pachukuliwe.

Hatukumaliza ubeti wa kwanza. Tii, tii, tii. Kupitia mwanya kati ya mikebe nilimwona mzee kwenye ndoo yake, na supavaisa akija mbio.

"Umefanya tena!"

"Kwa mkono upi, bwana mkubwa?" mzee akauliza. Aliinua yote miwili. "Huu una kiazi. Huu una chai."

"Mguu basi!"

Watu wakacheka, hata supavaisa alikaribia kucheka, kisha akakumbuka hasira yake. Mzee aliweka kile kiazi juu ya karatasi, taratibu, kama kitu cha mtu mwingine. Na mimi nilibaki nyuma ya mikebe. Ingenigharimu hatua tano kutoka. Nilifunga macho nikaendelea kuimba. Nimeandika hivyo kwenye daftari la siku hiyo na sijapafuta.

Jioni nilimngoja mama wa maombi langoni. Ni mtu wa kwetu Ukambani, mzito wa mwili na mwepesi wa maneno, na magoti yake hayapendi haraka, kwa hivyo tulikwenda polepole kando ya Jogoo Road. Nilimweleza yote. Alisimama kuvuta pumzi.

"Kwa hivyo maombi yetu ndiyo yanasimamisha mitambo?" Nadhani kulikuwa na majivuno kidogo katika sauti yake.

"Si maombi, mama. Ni mikebe."

"Kina mama kumi na wawili na mikebe." Akatikisa kichwa. Tulitembea tena. Kisha majivuno yakamtoka, nikayaona yakitoka. "Tangu Jumatatu tunamwombea yule mzee asifukuzwe. Tunamwombea nyuma ya ukuta unaomfukuza."

"Tutapoteza kona."

"Mungu ana kona nyingi. Mzee ana jina moja." Akanishika kiwiko. "Kesho kamwambie mwenyewe kwanza. Usianze na supavaisa. Mwenye jina aanze kusikia."

Alhamisi baada ya kazi nilikwenda Makongeni. Mzee alikuwa nje ya mlango kwenye kigoda, anapaka viatu vyeusi dawa, viatu vya kanisani, vya kuvaa kesho yake ofisini. Mke wake aliniletea chai kabla sijakaa vizuri. Nilisema kila kitu kwa haraka: kisanduku, toroli, siku mbili zilizokuwa tupu. Kisha nikasema lililokuwa gumu zaidi, kwamba jana nilikuwa najua, na nikavuta toroli, na nikamwona.

Aliendelea kupaka kiatu kimoja muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

"Kile kiazi kilikuwa kitamu," akasema mwishowe. "Nilishindwa kukimaliza."

Mke wake alijaza kikombe changu ambacho hakikuwa kimepungua.

"Kesho nitasema ofisini," nikamwambia. "Lakini mzee, wakiniuliza kama nimewahi kukuona ukibonyeza, nitasema mara moja."

Mke wake aligeuka. "Ulibonyeza?"

"Mara moja," mzee akasema.

"Mtu mzima! Siku nne unanilia kiapo hapa!"

"Nilikula kiapo juu ya hizi za saa saba. Ile ilikuwa asubuhi."

"Asubuhi!" Mama yule alipiga makofi mara moja, akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemlea mumewe. "Na ulikuwa unataka nini na mashine ya watu?"

Mzee alikitazama kiatu. Alikuwa na haya, na sura yake ilikuwa ya kijana. "Nilitaka kijue kuna mtu. Miaka yote hii naipita njia ile. Kinanipita kama nguzo. Nikakisimamisha nikakiambia, mwanangu, hapa mtu husalimiwa."

Mke wake alifungua mdomo kumkaripia, kisha akaingia ndani, na tukamsikia akicheka kwenye kitambaa. Mzee akanisukumia kigoda karibu. "Sema yote, mama. Usinipunguzie, usiniongezee. Mimi nikiokolewa na uongo nitakuwa nadaiwa nao."

Ijumaa saa nne nilibisha mlango wa ofisi bila kuitwa, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Ndani walikuwa supavaisa, mwakilishi wa chama, fundi msichana, na mzee na viatu vyake. Barua ilikuwa mezani imegeuzwa kifudifudi. Sauti yangu ilinitoka vibaya. Nilianza katikati, nikarudi mwanzo, nikataja magoti ya mama wa maombi bila sababu. Supavaisa alikuwa anatazama saa. Lakini nilipofika kwenye zile toroli tatu, msichana aliruka.

"Saa saba!" akapiga kelele. "Saa saba mimi niko hapa ofisini nakula kuku wenu!"

Hatukungoja saa saba. Tulitoka wote. Mzee akaambiwa akae mbali na kituo cha tatu. Akaenda kusimama katikati ya sakafu akainua mikono kama mtu aliyekamatwa na polisi, laini nzima ikaangua kicheko. Tulivuta toroli ya kwanza. Msichana alitazama kompyuta yake, akasema bado. Ya pili. "Zinaanza kuchelewa," akasema. Ya tatu niliivuta mimi, na sitasema nilijisikiaje. Ilipogusa nyingine tu, kobe wote wakasimama. Tii, tii, tii. Skrini ikaandika: kituo cha tatu. Kwenye kituo cha tatu hapakuwa na mtu, ila ndoo.

Tulifanya hivyo mara tatu, kwa sababu supavaisa alitaka, na alikuwa na haki ya kutaka.

Kisha akamgeukia mzee. Angeweza kunyamaza, maana mambo yalikuwa yamekwisha. Lakini yeye naye ana tabia ya kufunga kila mkebe. "Kwa hivyo hata siku moja, mzee, hukukigusa?"

Mzee hakunitazama. Nadhani alifanya hivyo makusudi, ili isije ikaonekana kwamba mimi ndiye niliyemvuta ulimi.

"Mara moja," akasema. "Juma la kwanza, asubuhi. Hapakuwa na hatari. Nilitaka tu kukisimamisha."

"Kuna aliyekuona?"

"Mimi," nikasema. "Mara moja. Nimekuwa hapa kila siku na sijaona nyingine."

Supavaisa alijikuna shingo. Alirudi nasi ofisini, akaichana ile barua, kisha akasema kitufe cha hatari si kitu cha mzaha, lazima aandike onyo. Alisema kweli. Kama kila mtu angekibonyeza kwa ajili ya salamu, siku ya mtu kubanwa nani angekimbia? Alimshika mzee mkono akamwambia pole. Alimwambia ofisini, mbele yetu wanne. Shutuma alikuwa ameitoa mbele ya laini nzima. Hilo niliona halikulingana, nikaliandika, ingawa sikuwa na ujasiri wa kulisema.

Juma lililofuata msichana wa Buruburu alifunga kisanduku cha pili kwenye nguzo ya mbali na kuchora mstari wa njano sakafuni ambao toroli haziruhusiwi kuuvuka. Sisi tumepewa chumba cha vipuri, nusu saa kila siku. Ni kidogo, tunaomba tumesimama, na kinanuka grisi. Wengine wanasema nyimbo hazitoki vizuri humo. Mimi naona ni mlango unaofungika. Lakini wapo wanaonilaumu, na sijui kama wamekosea; ningesema Jumatano, pengine ingeonekana tumekuja wenyewe, wote, na si mimi peke yangu kuwataja.

Barua ya onyo ilitoka Jumatatu. Mzee aliniomba nimsomee langoni, kwa kuwa miwani yake haifai tena kwa maandishi madogo. Wafanyakazi walikuwa wanatoka wakitupita pande zote. Nilisoma polepole. Ilisema kwamba katika juma la kwanza la mitambo mipya alibonyeza kitufe cha hatari mara moja pasipo sababu, na kwamba kusimama kwingine kote kumechunguzwa na hakumhusu.

"Soma tena hapo," akasema.

"Kusimama kwingine kote…"

"Hapana. Hapo nyuma."

"Alibonyeza kitufe cha hatari mara moja."

"Wameandika mara moja?"

"Mara moja, mzee. Kwa herufi."

Aliichukua, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo, mahali watu wengine huweka kitambulisho. Alionekana ametosheka. "Basi hiyo ni yangu," akasema. "Hiyo naenda nayo nyumbani." Kisha akaniambia nimsindikize, asifike kwa mke wake bila shahidi, tukavuka barabara pamoja.